Karoti za Onesmo na Samadi ya Mama Mkwe

Onesmo Mageni alipomaliza mkataba wake katika mgodi wa Geita na kurudi kwao karibu na Runzewe, mwaka wa 1953, aliwaambia watu kwamba amerudi kwa kumkumbuka mke wake. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa kweli yote. Sehemu iliyobaki ni kwamba Onesmo, mwanamume mwenye mabega kama mlango wa kanisa, aliogopa giza. Kule chini ya ardhi taa yake ilipozimika, alikuwa akiimba litania ya watakatifu kwa sauti kubwa hata wenzake wakamwomba ama aimbe vizuri ama afe kimya.

Lori la kuwachukua wachimbaji lingepita tena baada ya mavuno ya mtama. Asiyekuwa na kazi nyingine hakuwa na budi kulipanda, na Onesmo hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa na tumaini moja tu, nalo lilikuwa la rangi ya machungwa.

Siku aliyokuwa akiaga, mpishi wa mesi ya mgodi, mtu mnene aitwaye Marselino, alimshika mkono akamwambia, "Ndugu yangu, wazungu wangu wanakula karoti kama sungura, na zile ninazoletewa zimenyauka kama vidole vya marehemu. Nitafutie karoti nzuri. Nataka zilizonyooka, zinazokatika duara kwa kisu. Ukizipata nitakuja mwenyewe kuzitazama, na zikinipendeza nitachukua gunia kila juma. Hutashuka tena shimoni."

Maneno hayo ya mwisho Onesmo aliyabeba njia nzima kama mtu abebaye yai.

Shamba alipewa na baba mkwe wake, Mzee Bujiku, mtu wa Ushetu aliyehamia huku na ng'ombe wake. Lilikuwa shamba jema la bondeni, lenye udongo laini na maji karibu. Lilikuwa na kasoro moja: lilipakana na zizi la Mzee Bujiku, na palipo na zizi la Mzee Bujiku ndipo alipo mke wake, Mama Mbuke, aliyebatizwa Scolastika, mama mzazi wa mke wa Onesmo.

Hapa yafaa kueleza desturi. Katika nchi ile mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani, huingia porini. Akisikia sauti yake, hugeuka nyuma. Kusema naye ana kwa ana ni aibu ambayo mtu mwenye heshima hawezi kuivumilia. Padri wa Ushirombo alikwisha kuhubiri kwamba Mkristo aweza kumwamkia mama mkwe wake bila dhambi, na waamini wote walitikisa kichwa kukubali. Kisha misa ilipokwisha, wakwe walitoka kwa milango miwili tofauti.

Bwana Shamba wa eneo lile, kijana mwembamba wa baiskeli aitwaye Ignas, alimletea Onesmo makopo mawili ya mbegu. Kopo moja lilikuwa na picha ya karoti ndefu, nyembamba, iliyochongoka kama mkuki. Jingine lilikuwa na picha ya karoti fupi, nene, butu kama pia wanayochezea watoto.

"Ndefu hutaka udongo laini ulio na kina," alisema Ignas. "Fupi huvumilia udongo mgumu. Lakini zote mbili, Onesmo, sikiliza vizuri, zote mbili hazitaki samadi mbichi. Samadi mbichi huzipa majani mengi, na mizizi hugawanyika. Ukitaka kuweka mbolea, weka iliyooza ikawa kama udongo. Au samadi itangulie kwenye mahindi, kisha karoti zifuate mwaka unaofuata, zipate kula kilichobaki."

"Nimekusikia, Bwana Shamba."

"Majivu pia ni mazuri."

"Nimekusikia."

Onesmo alilitazama lile kopo la karoti fupi kwa dharau. Nani angewapelekea wazungu kitu kama kisigino? Basi mbegu ndefu akazipanda bondeni, matuta yaliyonyooka kwa kamba. Fupi, kwa kuwa alichukia kutupa kitu, akazitia katika kijishamba cha kokoto nyuma ya nyumba yake iliyokuwa kando ya bonde, mahali palipokuwa na zizi la mbuzi zamani za babu yake, akamwaga na majivu ya jikoni juu yake kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyamwaga.

Miche ya bondeni ilikuwa imeota kama nywele za mtoto mchanga, Mama Mbuke alipoingia shambani na kikapu kichwani.

Onesmo alikuwa akimwagilia maji. Alisikia mlio wa bangili za miguuni, akaitupa kata, akajirusha ndani ya mihogo iliyo pembeni. Alipochungulia kati ya majani, alimwona mama mkwe wake akiinamisha kikapu na kumwaga kando ya matuta samadi mbichi, nyeusi, iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Mkwe wangu ni mtu wa mgodini," mama alijisemea, huku akiitandaza kwa mguu, "hajui kulima, maskini. Tumsaidie."

Kisha akaenda kuleta kikapu kingine.

Onesmo alibaki amechuchumaa, amefumbua kinywa. Kumzuia kulimaanisha kusema naye. Kusema naye hakukuwezekana. Sisimizi walianza kumpanda mguuni, naye akawaacha, kwa kuwa hata kujipiga kofi kungesikika.

Usiku ule alimwambia mke wake, "Mbuke, mwambie mama yako, kwa heshima zote, aache kuleta samadi."

Mbuke alikuwa binti mpole aliyempenda mama yake na kuuogopa ulimi wake kwa kiasi kilekile. "Nitamwambia," alisema.

Kesho yake akaenda kwa mama yake, akakaa, akakuna goti, akasema, "Mama, mume wangu ameiona samadi."

"Amesemaje?"

Mbuke aliutazama uso wa mama yake, uliokuwa umejaa furaha. "Anashukuru sana," alisema.

Tangu siku hiyo vikapu vikaongezeka. Kila Onesmo alipomtuma mke wake kupeleka katazo, Mbuke alifikisha shukrani. Na kila shukrani ilipofika, samadi ilizidi. Onesmo akaanza kudhani kwamba mama mkwe wake ana chuki naye.

Akamwendea Mzee Bujiku, aliyekuwa akichunga kando ya mto. Baada ya kumpa shikamoo na kuuliza hali ya kila ng'ombe kwa jina, akasema, "Baba, ile samadi bondeni..."

"Mwanangu," Mzee Bujiku alimkatiza, "mimi ni bwana wa ng'ombe kuanzia pembe mpaka kiunoni. Kinachotoka baada ya hapo ni cha mama yenu. Usinigombanishe nyumbani."

Ndipo akamwomba Bwana Shamba. Ignas akaegesha baiskeli yake, akavuta soksi zake juu, akamwendea Mama Mbuke kwa ushujaa wa serikali. Onesmo alisikiliza toka kwenye mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nimekuja kuhusu karoti. Samadi hii mbichi haifai kwa zao hili."

Mama Mbuke alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe ni Bwana Shamba?"

"Ndiyo, mama."

"Una ng'ombe wangapi?"

"Sina ng'ombe, mama."

"Hata ndama?"

"Hata ndama."

"Una nini?"

"Nina baiskeli."

"Basi baiskeli yako itakapotoa samadi," alisema Mama Mbuke, "njoo unifundishe."

Ignas akarudi kwenye mihogo amenywea. "Onesmo, mbona umechuchumaa humu?"

"Nalima."

"Huna jembe."

"Nalima polepole."

Sasa yasemwe na haya: Onesmo mwenyewe hakuwa bila kosa. Maana karoti za bondeni zilianza kustawi kwa namna ya kutisha. Majani yake yalipanda yakafika magotini, ya kijani kibichi, yakicheza katika upepo kama manyoya ya wacheza ngoma. Watu wa Runzewe waliokuwa wakipita njiani walisimama. "Ni za nani hizi?" "Za Onesmo, yule wa mgodini." Onesmo akasikia, na moyo wake ukalainika. Akaacha kumtuma mke wake. Akafukua udongo kidogo pembeni mwa karoti moja, akaona bega lake, pana, la rangi ya machungwa, linalong'aa. Akalifunika tena kwa upole kama mtu afunikaye mtoto.

"Majani si karoti," Ignas alimwonya.

"Bega nimeliona," alijibu Onesmo.

"Bega si mwili!"

Lakini mtu aliyekwisha kuona bega zuri haambiwi kitu. Akampelekea Marselino salamu kwa dereva wa lori la mgodi: Njoo, ziko tayari.

Marselino akaja siku ya Jumamosi, amekaa mbele ya lori. Kitako chake kilikuwa kimechukua nafasi ya watu wawili, na dereva alikuwa akiendesha kwa ubavu. Onesmo alikuwa amevaa shati jeupe la misa. Mambo yote aliyapanga: Mbuke alikuwa ndani akipika, na Mama Mbuke alikuwa amekwenda mnadani Ushirombo.

Ila Mama Mbuke hakwenda mnadani. Alikuwa amesikia kwamba kuna mgeni wa kutazama samadi yake.

Onesmo alikuwa ameushika mkono wa Marselino, akimwongoza matutani na kueleza habari za udongo, bangili zilipolia. Marselino alihisi mkono unamponyoka. Alipogeuka, mwenyeji wake hakuwepo. Majani ya mihogo yalikuwa yakitikisika.

"Karibu, baba, karibu," alisema Mama Mbuke, aliyejifunga kaniki mpya. "Umekuja kuona kazi yetu?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa Onesmo. Alikuwa hapa sasa hivi."

"Atakuwepo tu," alisema mama kwa utulivu, akitazama upande mwingine. "Ngoja nikung'olee mwenyewe."

Akashika majani ya karoti moja kwa mikono miwili. Akavuta. Haikutoka. Akakanyaga, akavuta tena, ikatoka kwa ghafula hata akarudi nyuma hatua kadhaa. Akaipangusa, akaiinua juu kwa fahari.

Ilikuwa na kichwa kizuri na mabega mapana. Chini ya mabega iligawanyika miguu miwili, ambayo ilikunjana kama ya mtu aliyeketi barazani, na katika kila mguu kulikuwa na vidole, na vidole vilikuwa na ndevu.

Marselino aliitazama kwa muda mrefu. "Mama," alisema, "huyu ni nani?"

"Ni karoti, baba."

"Mbona ana suruali?"

Mama Mbuke aling'oa nyingine. Hiyo ilikuwa na miguu mitatu. Ya tatu ilikuwa imemkumbatia mwenzake wa jirani, wakatoka pamoja kama maharusi. "Zina nguvu," alisema mama, ingawa sauti yake ilianza kupungua. "Unaona zilivyo na nguvu? Hizi zina miguu."

"Kama zina miguu, mama, basi zije zenyewe mpaka Geita. Lori langu ni la nini?" Marselino alivuta pumzi. "Nitamenyaje kitu hiki? Nianzie kwapani? Wazungu wangu watadhani nimewapikia watu." Akageuka kumwita dereva. "Washa gari!"

Ndani ya mihogo Onesmo aliusikia mlio wa injini, na katika mlio huo akalisikia lori jingine, lile la wachimbaji, na nyuma yake akaliona shimo, na giza, na taa inayozimika. Aibu ilikuwa mbele yake na giza nyuma yake. Akafumba macho, akapaza sauti toka majanini:

"Marselino! Usiondoke! Na umwambie huyo mtu mzima aliyesimama hapo, kwa heshima zote, kwamba ni samadi yake iliyozivisha suruali!"

Marselino alitazama mihogo. Kisha akamtazama mama. "Nimwambie nani? Mama yuko hapa, anakusikia."

"Hanisikii," ilisema mihogo.

"Simsikii," alithibitisha Mama Mbuke, amegeuza mgongo. "Baba mgeni, umeambiwa nini na hayo majani?"

Marselino alikuwa mtu wa kulelewa mjini, lakini mama yake alikuwa Mzinza wa nchi ile, na polepole akaikumbuka desturi. Akajifuta uso. "Yanasema, mama, kwamba samadi yako imeharibu karoti."

"Yaambie," alisema Mama Mbuke, "kwamba samadi ile niliibeba kichwani mwangu mwenyewe, nikaacha shamba langu likiwa na njaa. Yaambie kwamba asiyeitaka angesema!"

"Nilisema!" ilipiga kelele mihogo. "Mwambie nilisema tangu miche ilipokuwa midogo! Nilimtuma Mbuke kila juma!"

"Anasema alimtuma Mbuke kila juma."

"Mwambie Mbuke alikuja kila juma, na kila juma alileta shukrani! Nilishukuriwa hata nikaona haya kupunguza vikapu!"

Mihogo haikutikisika. Wakati huo Mbuke alitokea mlangoni na mwiko mkononi, kuwakaribisha chakula. Aliuona mgongo wa mama yake, akaona shati jeupe katikati ya majani, akaona karoti ya miguu mitatu mkononi mwa mgeni.

"Ugali unaungua," alisema, akarudi ndani.

Marselino alianza kucheka. Alicheka hata dereva akazima injini aje kuona. Alipopata pumzi, aliuliza, "Onesmo, huna karoti nyingine? Hata moja isiyovaa nguo?"

"Nyuma ya nyumba," ilisema mihogo kwa unyonge. "Lakini ni fupi. Ni kama visigino."

"Na huko samadi haikufika? Kwa nini?"

Swali hilo Onesmo hakuwa amewahi kujiuliza. Alifikiri kidogo. "Kwa sababu ili kufika huko ni lazima upite mlangoni pa chumba changu cha kulala. Mtu mzima huyo hawezi kupita hapo."

"Hawezi kabisa," alisema Mama Mbuke, kwa kuchukizwa na wazo lenyewe.

Marselino akaenda nyuma ya nyumba, na Onesmo akatambaa kuzunguka upande wa pili, akatokea amejaa buibui. Karoti fupi zilikuwa na majani machache, ya adabu. Marselino akavuta moja kwa vidole viwili. Ilitoka bila ugomvi: nene, laini, butu, nyekundu kama tofali la kuchoma, haina mguu wala ndevu. Akatoa kisu, akaikata. Vipande vikaanguka kiganjani mwake, duara kama sarafu. Akatafuna kimoja. Akafumba macho.

"Tamu," alisema. "Onesmo, mpumbavu we, hizi ndizo. Umezificha nyuma ya nyumba na zile wacheza ngoma umeziweka barabarani!"

Onesmo akajipangusa buibui, akicheka kwa furaha.

"Ila ni chache," Marselino aliendelea. "Hapa napata ndoo moja tu kwa juma. Mimi nataka gunia kila juma. Una shamba jingine?"

Furaha ikarudi ilikotoka. Kijishamba cha kokoto hakikupita ukubwa wa mikeka michache. Bondeni kote kulikuwa kumeshiba samadi. Hapakuwa na ardhi nyingine ila ya wakwe, na mwenye kauli juu yake alikuwa amesimama upande wa pili wa nyumba, amenuna.

"Marselino," alinong'ona Onesmo, "nisemee tena. Mwambie polepole. Mwambie samadi yake ni nzuri kuliko zote. Ila itangulie kwenye mahindi, ipoe huko mwaka mzima, kisha karoti zije kula kilichobaki."

Marselino akaenda mbele ya nyumba, akafikisha ujumbe neno kwa neno. Mama Mbuke alisikiliza, ameinamisha kichwa.

"Ngoja," alisema. "Mahindi ndiyo yanayokula kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Na karoti hukaa zikisubiri, kisha hula baada ya wakubwa?"

"Ndivyo asemavyo."

Uso wa Mama Mbuke ulikunjuka. "Basi hiyo ni adabu! Kumbe karoti zina malezi! Mbona yule wa baiskeli hakunieleza hivyo? Alinijia na habari za zao, zao." Akaikaza kaniki yake vizuri. "Mwambie shamba langu la mahindi la mwaka jana liko tayari. Lilikula samadi ya zizi zima. Limekwisha kupoa. Alichukue."

"Asante sana, mama! Liko wapi?"

"Mbele ya mlango wangu."

Kutoka nyuma ya nyumba ulisikika mguno, kama wa mtu aliyekanyagwa.

Hata hivyo Onesmo alilichukua. Ignas alimletea makopo mengine ya mbegu fupi, naye akalima shamba lile kwa namna ambayo haijafundishwa katika chuo chochote cha kilimo: alianzia upande wa mbali akarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, amewapa wakwe mgongo, akipanda, akipunguza miche na kupalilia bila kugeuza shingo. Mama Mbuke naye aliketi mlangoni akichambua mboga, akiyaeleza mawe ya jikoni, kwa sauti ya kufika shambani, mahali ambapo magugu yamebaki. Na Marselino, mpaka zile mpya zilipokomaa, alikuwa akipita kila Jumamosi kuchukua zile za nyuma ya nyumba kwa ndoo, naye hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kupeleka na kurudisha maneno yote yaliyolimbikizwa kwa juma zima.

Mavuno ya mtama yakapita. Asubuhi moja lori la wachimbaji lilisimama barabarani, kando ya nyumba ya wakwe, limejaa watu na masanduku ya bati. Lilipiga honi. Wenzake wa zamani walimwona Onesmo kwa mbali, ameinama, kiuno juu, akipalilia karoti changa.

"Onesmo!" waliita. "Hupandi?"

"Siwezi!" alijibu, bila kuinua kichwa.

"Kwa nini?"

"Ili nipande, lazima nigeuke!"

Dereva akangoja kidogo, akatazama shamba, akamtazama yule mama mlangoni na ungo wake, kisha akatia gea. Lori likaondoka kwa vumbi kuelekea Geita. Mama Mbuke aliyaambia mawe ya jikoni kwamba tuta la tatu lina gugu, na Onesmo, akitabasamu peke yake kwa kuutazama udongo uliojaa jua, akarudi nyuma hatua moja akaling'oa.